Mkandarasi: Mdeni au Haini?

Kuna maneno katika Kiswahili ambayo tumezoea kuyafundisha kama msamiati tu, tusishughulike kuuliza yanadai nini kwetu. Neno amana ni mojawapo. Kamusi zatuambia kwamba amana ni kitu anachokabidhiwa mtu akitunze kwa niaba ya mwenyewe. Lakini neno hili lina jamaa wengi: kuamini, imani, uaminifu, na hata amani, yote yametoka katika shina moja la Kiarabu. Upande wa pili wapo hiana, haini na uhaini, nayo pia ni ya shina moja. Kwa hiyo Kiswahili kimemweka mtu anayekula amana ya jirani yake katika ukoo mmoja na mtu anayeiuza nchi yake kwa adui. Yafaa tujiulize kama lugha hapa imetia chumvi, au imeona jambo ambalo sheria zetu na mazungumzo yetu ya kila siku hayataki kuliona. Mtu ninayetaka kumpima kwa maneno hayo ni mkandarasi wa kazi za umma: yule aliyepewa fedha za watu wote ajenge barabara, daraja, darasa au zahanati, naye akaitelekeza kazi, au akaijenga kwa namna ambayo yeye mwenyewe anajua haitadumu.

Naandika nikiifikiria Adumi. Iko upande wa Ayivu, kaskazini-magharibi ya Arua, si mbali na mpaka wa Kongo. Tangu Julai 2020, Arua ilipopandishwa hadhi kuwa jiji, Ayivu yote iliingizwa ndani ya jiji hilo, na mkulima wa muhogo wa Adumi akaamka siku moja akaambiwa kwamba yeye ni mtu wa mjini, ingawa jembe ni lile lile na njia ni ile ile. Mama anayeshikwa na uchungu mgumu hutolewa Kituo cha Afya cha Adumi akakimbizwa Hospitali ya Rufaa ya Arua, na muda atakaokaa njiani hautegemei umbali peke yake. Wategemea pia kama mifereji ya kando ilichimbwa, kama karavati lilikaa sawa au lilichukuliwa na maji ya mvua za masika. Sidai kwamba njia hiyo imeharibiwa na mkandarasi fulani. Naitaja ili tupate kumjua mwenye amana kabla hatujamtafuta mwenye hatia.

Amana ya kawaida ina watu wawili wanaofahamiana. Kijana anayesafiri kwenda kukata miwa katika mashamba ya Kinyara humwachia jirani mbuzi wake wawili. Akirudi huwadai, jirani akikana, wazee huitwa, kwa kuwa kijiji kizima kilijua mbuzi walikuwa wa nani. Kazi ya umma haiko hivyo. Fedha zimetoka katika kodi ya sabuni, ya sukari, ya mafuta na ya muda wa simu, au katika mkopo ambao watoto wasiozaliwa bado watashiriki kuulipa. Mkataba hutiwa saini mjini. Mezani wamo ofisa wa serikali na mkandarasi, na pembeni yupo mhandisi msimamizi. Katika hati hizo upande wa serikali ndio huitwa mwajiri. Mwenye mali hayupo. Hamjui mkandarasi kwa sura, wala mkandarasi hamjui yeye.

Hapo ndipo watetezi wa wakandarasi hupata hoja yao ya kwanza. Husema hivi: huwezi kumfanyia hiana mtu usiyemjua na ambaye hakukuamini, kwa kuwa hakuwahi kusikia jina lako. Mkandarasi ana deni kwa mwajiri wake tu, kwa mujibu wa mkataba. Akishindwa, yeye ni mdeni, na mdeni hudaiwa mahakamani kwa kesi ya madai. Haitwi haini wala hatiwi pingu. Hoja hii ina uzito wake, na wale wanaoijibu kwa hasira huwa hawajaisikiliza.

Jibu, kwa maoni yangu, limo katika kazi yenyewe. Tuichukue barabara ya lami, mathalani ile ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92 kutoka mpaka wa Kongo mpaka kwenye mpaka wa Sudan Kusini, ambayo kila mtu wa West Nile anaifahamu tangu ilipotiwa lami katika miaka ya 2010. Tunachokiona ni ngozi nyeusi ya juu, nayo ni sentimita chache tu. Chini yake pana tabaka la kokoto zilizovunjwa na kuchaguliwa kwa ukubwa wake. Chini ya hilo pana changarawe, aghalabu iliyochanganywa na saruji au chokaa ili ishikamane. Chini zaidi ni udongo wenyewe, uliomwagiwa maji kwa kipimo na kushindiliwa kwa mashine nzito hadi ugumu wake ufikie kiasi kilichoandikwa. Kila tabaka lina unene wake na majaribio yake, na kila moja likikamilika hufunikwa na linalofuata. Likishafunikwa haliwezi kuonekana tena, isipokuwa kwa kuchimba. Zege nayo ni vivyo hivyo: iliyopunjwa saruji hukauka kwa rangi ile ile ya iliyotimia, na ndiyo maana wahandisi hutengeneza vibonge vya mfano na kuvivunja kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28, kwa sababu macho hayatoshi. Nondo zilizopunguzwa hukaa ndani ya nguzo kimya miaka mingi.

Basi mkandarasi ni mtu ambaye tumekubali awe peke yake pamoja na mali yetu. Hata msimamizi hukagua sehemu tu, kisha huondoka. Usiku hubaki fundi, mtunza ghala na mifuko ya saruji. Hakuna jinsi ya kujenga kitu kikubwa bila kufika mahali ambapo mtu mmoja anajua kilichomo na wengine wote hawana budi kumwamini. Imani hiyo haikuletwa na urafiki wala kujuana. Imeletwa na aina ya kazi, na mkandarasi aliijua tangu alipoomba zabuni. Anayeomba zabuni ya kujenga karavati anaomba aaminiwe na kila atakayepita juu yake, wakiwemo wale ambao hawajazaliwa. Kwa hiyo haimpasi kusema kwamba hakuwajua.

Hapa ni lazima tuwe waangalifu, maana ufa ukutani hauna saini. Kuna mkandarasi asiyejua kazi, kuna aliyepatwa na mwamba au chemchemi asiyoitarajia, na kuna aliyekula. Ukuta wa wote watatu waweza kupasuka kwa namna moja. Tofauti yao hutokea siku yule mtu alipotambua kwamba mambo hayaendi sawa. Wa kwanza hakutambua, na kosa kubwa zaidi ni la aliyempa kazi. Wa pili aliandika barua, akasimamisha mashine, akaomba wahandisi waje waone. Wa tatu aliagiza tabaka lifunikwe haraka kabla mkaguzi hajafika. Kitendo hicho cha kufunika ndicho ninachokiita hiana. Mdeni hata akishindwa kulipa hubaki mtu ambaye deni lake linajulikana. Huyu amehakikisha kwamba anayemdai asijue kama anamdai.

Wataalamu wa zabuni watasema kwamba haya yote yalikwisha kufikiriwa zamani, ndiyo maana kuna dhamana. Mwalimu wa lugha hawezi kujizuia kusema neno hapa. Amana na dhamana husikika kama ndugu wa tumbo moja, lakini mashina yake ni mbalimbali. Dhamana ni ahadi ya mtu wa tatu, benki au kampuni ya bima, kwamba amana ikivunjwa yeye atalipa. Fikira yenyewe ni ya kale. Vitruvius, msanifu wa Kirumi aliyeandika katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, asimulia sheria ya mji wa Efeso: msanifu aliyekubali kazi ya umma alitaja gharama yake, na mali yake ikawekwa rehani kwa hakimu mpaka kazi iishe. Gharama zikilingana na neno lake, alipewa heshima. Zikizidi kwa robo au pungufu, hazina ya mji ililipa. Zikizidi zaidi ya hapo, ziada ilitolewa katika mali yake mwenyewe. Tazama kwamba watu wa Efeso walishika mali ya msanifu mwenyewe, vitu vinavyoonekana kwa macho. Sisi twashika karatasi.

Na karatasi zatosha kiasi gani, Uganda ilijifunza kwa barabara ya Katosi. Mwaka 2013 Mamlaka ya Taifa ya Barabara (iliyovunjwa mwishoni mwa 2024 na kazi zake kurudishwa wizarani) iliingia mkataba na kampuni iliyojiita Eutaw ili itie lami barabara ya Mukono, Kyetume hadi Katosi pamoja na tawi la Nyenga, kilomita 74, kwa shilingi bilioni 165 hivi. Kampuni ikapewa malipo ya awali ya shilingi bilioni 24.7. Mwaka 2014 ikafichuka kwamba kampuni halisi yenye jina hilo, ya jimbo la Mississippi nchini Marekani, haikuwa na habari yoyote ya barabara ya Katosi. Mwaka 2018 Mahakama ya Kupambana na Rushwa iliwatia hatiani baadhi ya washtakiwa. Wengine, akiwemo aliyekuwa waziri wa ujenzi, waliachiliwa. Malipo ya awali ndiyo amana katika usafi wake kamili: ni fedha zinazotolewa kabla jiwe moja halijawekwa, mkandarasi apate kuleta mashine na kufungua kambi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya Katosi ilikuwa na daftari, tena nene, lenye mihuri na saini. Haikumlinda mtu, kwa sababu kila karatasi ya kuthibitisha nyingine ilihitaji mtu wa kuinua simu na kuuliza, na mtu huyo naye alikuwa ameaminiwa kwamba atauliza.

Katosi haikuwa ajali ya peke yake. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Catherine Bamugemereire, iliyoundwa 2015 na kutoa ripoti yake mwaka uliofuata, iliona kwamba kati ya shilingi trilioni 9 hivi zilizopitia katika Mamlaka hiyo kwa muda wa miaka 7, karibu trilioni 4 zilitumiwa vibaya au ziliibwa. Mtu wa kawaida hawezi kuiona trilioni moja akilini. Ila anaweza kuelewa sehemu: katika kila shilingi tisa, nne hazikufika barabarani.

Mwanafalsafa wa Kijerumani, Kant, aliwahi kuchukua mfano wa amana ili kuonyesha asili ya wajibu. Mtu ana amana mkononi. Mwenyewe amekufa, wala hakuacha maandishi yoyote. Je, anaweza kuifanya kanuni ya watu wote kwamba kila mmoja na aikane amana ambayo haiwezi kuthibitishwa? Kant alijibu kwamba kanuni hiyo hujiangamiza, maana hakutakuwa na amana tena duniani. Hegel baadaye akamkosoa: na kukosekana kwa amana kuna ubaya gani? Kanuni ile haijipingi mpaka kwanza uwe umekubali kwamba amana ni jambo jema. Wanafalsafa wameendelea kuvutana juu ya ugomvi huo, lakini mtu wa Adumi anaweza kumjibu Hegel bila kusoma kitabu. Mahali ambapo hakuna tena amana ya kazi za umma panajulikana. Ni mahali ambapo watu wakiambiwa barabara inakuja huangua kicheko. Ambapo wazazi huchanga fedha wanunue matofali ya darasa ambalo serikali imekwisha kulilipia. Ambapo kodi hulipwa kama faini. Mkandarasi anayefunika tabaka bovu hakuiba changarawe tu. Amewafanya watu elfu kadhaa wasimwamini mkandarasi atakayekuja baada yake, hata akiwa mtu mwema, na huyo mwema atafanya kazi yake chini ya kicheko hicho.

Tusimwonee mkandarasi, hata hivyo. Ana malalamiko yake, na mengi ni ya kweli. Serikali humchelewesha malipo miezi mingi, pengine miaka, huku benki ikimtoza riba kila mwezi; wapo waliouziwa nyumba zao kwa sababu ya hati za malipo zilizokuwa zimekwisha kupitishwa. Serikali inayomcheleweshea mtu haki yake imevunja amana vilevile, na haina kinywa safi cha kuhubiri. Lalamiko la pili ni zito zaidi: mkandarasi husema kwamba zabuni haipatikani bila kutoa fungu kwa fulani na fungu kwa fulani, na mafungu hayo hayaandikwi katika hesabu ya kazi. Yatatoka wapi? Tumjibu kwa kumwambia aendelee na hesabu yake mpaka mwisho. Fungu la kwanza limetoka katika unene wa changarawe. La pili limetoka katika nondo. Kila asilimia iliyotolewa ofisini ina mahali pake pa kukosekana chini ya lami. Malalamiko haya yatuonyesha kwamba mahaini ni wengi kuliko tulivyodhani, lakini hayamtoi mmoja wao katika orodha, kwa sababu mafungu yale hayakutoka mfukoni mwake. Alitoa sadaka kwa mali ya mama yule wa Kituo cha Afya.

Sheria nayo ina hadithi yake. Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, iliyotumika pia Uganda na Kenya kabla ya kanuni mpya za 1930, ilikuwa na kosa lenye jina lake lenyewe: kuvunja amana kwa nia ya jinai. Ilimtaja aliyekabidhiwa mali akaitumia kinyume cha masharti, na adhabu ilipanda zaidi kama mtu huyo alikuwa mtumishi wa umma, mwenye benki au wakala. India, Malaysia na Singapore bado wana kosa hilo. Kwetu kanuni za 1930 zilipoingia, jambo hilo liligawanywa likamezwa kwa sehemu kubwa na aina mbalimbali za wizi. Sheria ya Uganda ya Kupambana na Rushwa ya 2009 ina makosa ya kutumia vibaya madaraka na kuisababishia serikali hasara, ambayo humwangukia hasa ofisa. Mkandarasi aliyejenga vibaya, pasipo kughushi hati, aghalabu huishia katika kudaiwa fidia au kufungiwa zabuni kwa muda. Sisemi kwamba jina likirudi, barabara zitanyooka. Nasema kwamba wizi ni kuchukua kile ambacho mwenyewe alikilinda dhidi yako, na hiana ni kuchukua kile alichokukabidhi; anayezichanganya amepoteza nusu ya jambo, tena nusu iliyo mbaya zaidi.

Mazungumzo yetu yamepoteza hata zaidi ya hiyo nusu. Mwizi wa kuku hupigwa na kundi la watu kabla polisi hawajafika. Juu ya mkandarasi twasema "amekula", kana kwamba alikuwa na njaa na chakula kilikuwa mezani. Magazeti na maofisa wetu husema "ubadhirifu", neno ambalo asili yake ni kutapanya mali ovyo. Mtu anaweza kuwa mbadhirifu wa mali ya baba yake mwenyewe, akatukera bila kutudhulumu. Neno hilo ni la upole mno kwa kazi tunayolipa. Kisha mkandarasi huyo akitoa mabati ya kuezekea nyumba ya ibada, au akichangia karo katika harambee, twampa kiti cha mbele na kumwita mheshimiwa, nasi twajua mabati yalitoka wapi.

Tena kuna jambo ambalo waandishi wa makala kama hii hupenda kulipita kwa haraka. Mifuko ya saruji inayotoka ghalani usiku hununuliwa na nani? Hainunuliwi Kampala. Huuzwa kwa nusu ya bei kwa watu wa jirani na kazi, nao huisakafia vyumba vyao, na pengine watoto wao husoma katika darasa lile lile lililopunjwa. Mtu huyo ni mwenye amana na mnunuzi wa amana kwa wakati mmoja. Wengine husema hana kosa, kwa vile anachukua sehemu yake mapema kabla wakubwa hawajaimaliza. Siwezi kukubaliana nao. Saruji ile haikuwa sehemu yake. Ilikuwa sehemu ya wote, nayo imepata kuwa ya mmoja kwa siri, jambo ambalo ndilo tuliloliita hiana tangu mwanzo. Lakini nakiri kwamba ni vigumu kumhukumu kwa kipimo kimoja na yule aliyefungua ghala, maana hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mifuko ile ilikuwa yake. Alidhani ni ya serikali, na serikali kwake ni mtu wa mbali.

Tangu 2009 Uganda imekuwa na mikutano ya wananchi na maofisa iliyopewa jina la Kiswahili, baraza, ambamo watu wa tarafa husomewa hesabu ya fedha zilizoletwa kwao na kuuliza maswali. Ni jambo jema, ila mara nyingi hufanyika kazi ikiwa imekwisha, wakati kila tabaka limekwisha kufunikwa na kilichobaki ni tarakimu. Napenda kuona baraza likiitwa mapema zaidi, kando ya shimo, changarawe ikiwa bado wazi, na mhandisi akiusoma unene unaotakiwa kwa Kilugbara na kwa Kiswahili, huku mzee mmoja na mwalimu mmoja wakishika utepe wa kupimia. Wakandarasi watasema kwamba jambo hilo litachelewesha kazi. Litaichelewesha kwa siku moja kwa kila tabaka, na siku hizo zinaweza kuandikwa katika mkataba tangu mwanzo, pamoja na malipo yake.